Kifua cha muuza vitumbua: Ayurveda imsaidie wapi, na wapi ikae mbali

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63, tunakaa Ngamiani, Tanga. Ameuza vitumbua zaidi ya miaka 30, anakaanga kwa kuni na vifuu katika jiko la nyuma ya nyumba. Hajawahi kuvuta sigara. Mwaka wa nne huu anakohoa makohozi kila asubuhi, na siku hizi akienda sokoni anapumzika mara mbili njiani. Alipimwa kwa mashine ya kupuliza, wakasema ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Makohozi yalipimwa, hana TB. Anatumia pampu ya salbutamoli na vidonge vya aminofilini. Mjomba amemletea dawa za Ayurveda, tiba ya asili ya Kihindi: unga wa Sitopaladi, chupa ya Kanakasava, na vidonge vyeusi ndani ya mfuko usio na maandishi. Muuzaji amesema aache pampu kwa wiki tatu ili dawa zisafishe mapafu. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba. Pampu isiachwe, hata kwa siku moja. Vidonge vyeusi visimezwe kabisa. Kanakasava nayo hapana. Sitopaladi muiweke kabatini kwanza, maana kikwazo chake kwa mama yako ni vile vidonge vya aminofilini, nami nitakieleza. Ila usiitupe Ayurveda yote jalalani. Yako mambo ndani yake yatakayomfaa bimkubwa, na lile kubwa kuliko yote halinunuliwi dukani.

Muuzaji huyo hata kwa vitabu vya fani yake mwenyewe amekosea. Charaka, kitabu kikongwe cha tiba ya Kihindi, kinagawa maradhi ya pumzi, wanayoyaita shvasa, mafungu matano. Fungu liitwalo tamaka shvasa linafanana sana na unayoyasimulia: kifua kinabana, makohozi yananasa kooni, mgonjwa akilala anazidiwa na akikaa anapata nafuu, akitoa kohozi anapumua kidogo, na mawingu, mvua na baridi vinamchochea. Kuhusu fungu hilo kitabu kinasema ugonjwa wake ni yapya, maana yake unashikiliwa usizidi, ila haung'oki. Unatarajiwa kupona ukiwa bado mchanga tu. Ugonjwa wa mwaka wa nne si mchanga. Kwa hiyo anayeahidi kuumaliza kwa wiki tatu anaahidi jambo ambalo waganga wa Ayurveda wenyewe hawakuliahidi.

Na hili neno la kusafisha mapafu linapotosha watu wengi. Kilichoharibika kwa mama yako si uchafu uliotuama ukisubiri kuoshwa. Moshi wa miaka 30 umenenepesha kuta za vijia vya hewa, umeongeza vitezi vinavyotoa makohozi, na huenda umechana vifuko vidogo ambamo hewa safi huingia kwenye damu. Hewa inaingia ila inachelewa kutoka, inabaki imenaswa, na pumzi inayofuata inakosa nafasi. Ndiyo sababu anahema akitembea hata kama siku hiyo hana makohozi. Hakuna dawa ya Ayurveda wala ya hospitali inayorudisha vifuko vilivyokwisha kuchanika. Tunachoweza ni kutanua vijia vilivyobaki, kulegeza makohozi, kuipa misuli nguvu, na kuzuia moshi usiendelee kula kilichopo.

Tuanze na moshi basi. Kitabu hichohicho kinapotaja visababishi vya maradhi ya pumzi kinataja vumbi, moshi, upepo, na kukaa penye baridi. Na kanuni ya kwanza ya tiba katika Ayurveda ni kuondoa kisababishi kabla ya kutoa dawa yoyote. Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu kwa ajili ya mama yako, nitachagua jiko. Vifuu ni vibaya kuliko anavyodhani mtu: vinawaka upesi na vikali, ila vikipungua mwali vinatoa moshi mzito wa mafuta. Kuni mbichi au zilizonyeshewa ndizo mbaya zaidi. Na muuza vitumbua hakai mbali na chuma chake, anainama juu yake kugeuza kitumbua kimojakimoja, kwa hiyo anavuta moshi wa kuni na mvuke wa mafuta ya kukaangia kwa pamoja, alfajiri, mlango ukiwa umefungwa kwa sababu ya baridi.

Mkiweza, hamieni gesi. Mtungi na jiko la sahani moja vinatosha chuma kimoja cha vitumbua. Kama gesi haijawezekana, jiko litoke nje kwenye uwazi, si chini ya makuti yaliyoshuka. Msimu wa kusi mkaangaji akae upande wa kusini wa moto, ili upepo umpige mgongoni na moshi uende mbele yake. Msimu wa kaskazi ahamie upande wa kaskazini mashariki. Kabla ya kuwasha, rusha majivu kidogo hewani uone yanakoelekea, maana kuta za majirani hugeuza upepo. Mkaa una moshi mchache unaoonekana, lakini una hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo usiwashwe ndani. Moto usipulizwe kwa mdomo.

Bora zaidi, mama aache kukaanga, abaki na kazi ya kutengeneza rojo: kuloweka mchele, kusaga na tui, kupima iliki na hamira. Hapo ndipo ladha ya biashara ilipo, na wateja watabaki. Wewe au mdogo wako mkaange, nje vilevile, msije nanyi mkarithi kifua hicho. Na ndani ya nyumba chetezo kipumzike. Najua nyumba ya pwani bila udi na ubani inaonekana pungufu, lakini kwa mapafu haya moshi wa udi ni moshi, na dawa ya mbu ya kuchoma ni moshi pia, tumieni chandarua. Ayurveda nayo ina tiba ya kuvuta moshi wa mitishamba, inaitwa dhumapana. Asiikubali, hata akiambiwa ni majani matupu.

Sasa dawa za mjomba, moja baada ya nyingine.

Sitopaladi si siri. Ni sukari mawe mafungu 16, vamshalochana, yaani unga mweupe unaotoka ndani ya mianzi, mafungu 8, pippali mafungu 4, iliki mafungu 2, na mdalasini fungu 1. Hesabu utaona zaidi ya nusu ni sukari, jambo la kukumbuka kama mama ana kisukari. Pippali ni pilipili ndefu, jamaa ya pilipili manga, na zote mbili zina kitu kiitwacho piperini. Piperini huufanya mwili uzidi kufyonza baadhi ya dawa na uchelewe kuzitoa, na mojawapo ni teofilini, ambayo ndiyo dawa yenyewe iliyomo ndani ya aminofilini. Dawa hii ina mstari mwembamba kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru. Ikizidi kwenye damu, mgonjwa anaanza kichefuchefu na kutapika, mikono inatetemeka, usingizi unakata, moyo unakwenda mbio, na ikizidi sana anapata degedege. Watu wa nyumbani wakiona anatapika watasema dawa ya Kihindi inatoa uchafu, wakaongeza kijiko. Hapo ndipo balaa inapoanza.

Kwa hiyo asichanganye aminofilini na Sitopaladi, wala Trikatu, ambayo ni tangawizi kavu, pilipili manga na pippali kwa vipimo sawa, wala vidonge vya bizari ya manjano vilivyotiwa piperini. Pilipili manga ya kwenye pilau haina neno. Nazungumzia unga unaomezwa kwa kijiko kila siku. Asiache aminofilini kwa uamuzi wake. Mwende kliniki muulize kama bado anaihitaji, au kama anaweza kupewa pampu ya kudumu, zile zinazofanya kazi saa 12 au 24, ambazo kwa ugonjwa huu ni bora kuliko vidonge hivyo. Daktari akiiondoa aminofilini, na sukari ya mama ikiwa sawa, ndipo anaweza kujaribu Sitopaladi gramu 1 asubuhi na jioni baada ya chakula, ikichanganywa na asali kijiko kimoja cha chai. Inasaidia koo na kohozi gumu. Haitanui mapafu, na asiingoje ifanye hivyo. Nitaje pia kwamba siprofloksasini na erithromisini, ambazo watu hujinunulia madukani kwa kikohozi, nazo zinapandisha teofilini. Mkumbusheni muuza dawa kila mara.

Kanakasava msingi wake ni dhatura, huu mnanaha mnaoujua, wenye maua kama tarumbeta na matunda ya miiba. Wazee wa pwani nao walivuta majani yake kwa ajili ya pumu, na ni kweli yanatanua vijia vya hewa. Lakini kiasi chake ndani ya mmea hakitabiriki: shina moja kali, jingine hafifu. Mtu wa miaka 63 akizidishiwa anakauka mdomo, macho yanaona ukungu, mkojo unakataa kutoka, moyo unakimbia, na anaweza kuweweseka asijue alipo. Makohozi nayo yanakauka na kugandamana, wakati sisi tunataka yalegee. Mwenye presho ya macho anaweza kupofuka. Lipo na jambo la pili ambalo wauzaji hawalitaji: dawa zote ambazo majina yao yanaishia na asava au arishta huchachushwa, na pombe hujitengeneza humo yenyewe, kwa kawaida asilimia 5 hadi 12. Kwa familia ya Kiislamu hilo ni haki yenu kuambiwa kabla ya kununua.

Vidonge vyeusi ndivyo vinavyonitia hofu zaidi. Tawi moja la Ayurveda, rasa shastra, hutumia madini yaliyochomwa. Dawa yake mashuhuri ya pumzi, Shvasa Kuthara Rasa, hutengenezwa kwa zebaki, kiberiti cha unga, madini ya aseniki, na mzizi wa vatsanabha ambao sumu yake huvuruga mapigo ya moyo. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani eneo la Boston: 14 zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Hizo zilikuwa na majina na lebo. Za kwenu hazina hata lebo. Na kuna hila nyingine: baadhi ya dawa za kifua zisizo na lebo husagiwa ndani prednisoloni au deksamethasoni, dawa za jamii ya homoni, kisirisiri. Mgonjwa anapata nafuu ya ajabu siku mbili tatu, hamu ya kula inarudi, sifa zinaenea mtaani. Baada ya wiki kadhaa uso unavimba duara, sukari na presho zinapanda, ngozi inachubuka ovyo. Akiacha ghafla mwili unaishiwa nguvu na anaweza kuzimia, kwa sababu tezi zake zimeacha kutengeneza homoni hiyo. Kama mama amekwisha kuvimeza zaidi ya wiki mbili, asikae kimya wala asiache tu. Mpeleke hospitali ya Bombo pamoja na mfuko wenyewe, waamue namna ya kumshusha polepole.

Kuna mimea mingine mtakayoletewa baada ya hii, maana ndugu hawachoki. Vasaka, au adulsa, ni ya kuheshimiwa: kutokana na kiini chake wanasayansi walitengeneza bromheksini, dawa ya kulainisha makohozi inayouzwa famasi. Mkitaka kazi ya vasaka, ulizeni bromheksini au ambroksoli, ambayo kipimo chake kinajulikana. Mjamzito asiiguse vasaka, inachochea mji wa mimba. Urukususu ni mtamu na unatuliza koo, lakini ukinywewa kila siku unapunguza potasiamu mwilini na kupandisha presho. Salbutamoli inapunguza potasiamu, prednisoloni inapunguza, vidonge vya kukojoa vya kupunguza uvimbe vinapunguza. Ukiongeza urukususu juu yake moyo unaweza kupoteza mpigo wake. Tulasi, ndugu wa mrehani wetu, majani matano sita kwenye chai, haina shida. Chyawanprash, ile jemu nyeusi, haina ubaya kijiko kimoja cha chai asubuhi kwa asiye na kisukari, ila isome viungo: mara nyingi ina pippali, na hapo tunarudi kwenye aminofilini.

Tiba za kusafisha mwili kwa kutapisha na kuharisha msizikubali. Kitabu cha Charaka chenyewe kinaziweka kwa mgonjwa mwenye nguvu aliyejaa makohozi, na aliye dhaifu kinamwekea tiba ya kutuliza. Mtu anayepumzika mara mbili kufika sokoni si mwenye nguvu. Matapishi yanaweza kuingia mapafuni, na kuhara kunaondoa potasiamu ileile. Nasya, yaani kudondoshea mafuta puani, nayo hapana: mafuta yakishuka kwenye mapafu hayatoki, yanaleta nimonia ya mafuta ambayo antibayotiki haiigusi. Kujifukiza nyungu chini ya blanketi kunambana mwenye pumzi fupi, na maji ya moto yakimwagika yanaunguza mapaja.

Yanayofaa sasa. Kuchua kifua kwa mafuta ya ufuta ni tiba ya asili ya Ayurveda kwa tamaka shvasa, na ni salama ikifanywa vizuri. Chukua vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya ufuta, nusu kijiko cha chai cha chumvi laini, weka kibakuli ndani ya maji ya moto hadi mafuta yawe vuguvugu. Yajaribu kwanza ndani ya kiwiko chako. Mama akae wima, ameegemea meza na mto, umchue mgongoni na ubavuni kwa dakika kumi, kisha umfunike kwa taulo lililokamuliwa maji ya moto kwa dakika tano. Mafuta yasifike puani. Mwache akohoe akiwa amekaa hivyohivyo. Wakati mzuri ni asubuhi baada ya pampu. Akiwa na homa, muache siku hiyo.

Maji ya uvuguvugu anywe kidogokidogo asubuhi, yenye tangawizi mbichi kipande cha nusu kidole gumba kilichopondwa na kuchemshwa dakika kumi kwa vikombe viwili. Kahawa chungu apunguze, inaongeza kutetemeka kwa aminofilini.

Kuhusu chakula nina ugomvi na baadhi ya waganga. Wanamkataza mgonjwa maziwa, samaki, ndizi, nazi, na mafuta kwa hoja kwamba vinaongeza kafa, yaani ute. Ugonjwa huu unakula misuli. Kupumua peke yake kunamaliza nguvu nyingi. Akikonda, misuli ya pumzi inakonda pamoja naye. Shauri la Ayurveda la kula kidogo mara nyingi, chakula cha moto, na cha jioni mapema, ni zuri kwa sababu tumbo lililojaa linasukuma juu kiwambo, yaani msuli wa pumzi ulio chini ya mapafu. Basi apewe milo midogo mitano, na ndani yake wawemo dagaa, mayai, kunde, mbaazi za nazi. Mpimeni uzito kila wiki mbili.

Kwenye mazoezi ya pumzi ya pranayama, chagueni. Bhramari ni nzuri: anavuta hewa taratibu kwa pua, kisha anaitoa akivuma kama nyuki, mdomo umefumbwa, kadiri uvumi unavyodumu bila kujilazimisha. Mara sita, asubuhi na jioni. Uvumi unarefusha pumzi ya kutoka, na hewa iliyonaswa inapata muda wa kutoka. Akiwa anatembea na pumzi ikamwishia, asimame, avute kwa hesabu ya mbili, atoe kwa hesabu ya nne akiwa amebana midomo kama anayepoza kahawa. Asifanye kapalabhati wala bhastrika, zile za kupuliza kwa nguvu na haraka, wala kushikilia pumzi. Zinaongeza hewa iliyonaswa, na kifuko kilichochakaa kinaweza kupasuka pafu likasinyaa.

Na pampu yenyewe aitumie vizuri, kwa sababu wengi wanaosema haisaidii wanaipulizia ulimi. Chukueni chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita, mtoboe kitako tundu la umbo la mdomo wa pampu, kwa waya uliopashwa moto, kisha mzibe pembeni kwa plasta. Ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke yenyewe bila kufutwa, ili dawa isinate kwenye plastiki. Atikise pampu, aweke mdomo wa chupa kinywani, abonyeze mara moja, avute na kutoa hewa ndani ya chupa mara nne au tano. Asubiri nusu dakika, atikise tena, arudie. Dakika kumi baadaye ndipo afanye bhramari, na baada yake atembee: barabara moja ya Ngamiani kwenda na kurudi siku za mwanzo, mara nne au tano kwa wiki, kwa mwendo ambao anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Kila wiki mwongezee dakika mbili.

Lolote la mitishamba mtakaloamua kujaribu baada ya daktari kukubali, lianze moja peke yake kwa wiki mbili. Andika kwenye daftari: amepuliza pampu mara ngapi kwa siku, amelalia mito mingapi, kohozi lina rangi gani, amepumzika mara ngapi njiani kwenda sokoni. Bila kumbukumbu hiyo siku moja ya hewa nzuri itahesabiwa kuwa ni dawa. Mnayemnunulia aonyeshe usajili wake kutoka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002.

Usingoje kliniki kama hawezi kumaliza sentensi moja, midomo imegeuka rangi ya samawati, amekuwa mzito wa usingizi au anachanganyikiwa, anakohoa damu, au nafuu ya pampu haidumu hata kwa muda wa saa nne. Kohozi likigeuka kijani na kuongezeka, au miguu ikivimba, aende siku hiyohiyo. Akiwekewa oksijeni, mwulizeni mhudumu kiwango anacholenga. Kwa ugonjwa huu kwa kawaida ni asilimia 88 hadi 92, na nyingi kupita hapo inaweza kumdhuru. Mwambieni mhudumu huyo pia kila kilichomo kwenye lile furushi la mjomba, pamoja na kile mnachoona haya kukitaja.